Chura wa Mitini na Udongo Wake (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulimtazama chura wa mitini wa Usambara, Leptopelis vermiculatus, akiwa tawini: vidole vya kunatia, macho makubwa ya mnyama wa usiku, ngozi ya kijani yenye madoa meusi. Leo tumshushe chini, maana maisha yake huanzia udongoni. Jike, ambaye huweza kufika milimita 85 na kumzidi dume kwa mbali, hatagi majini kama vyura wa madimbwini tuliowazoea. Hufukia mayai kwenye udongo laini kando ya maji, na viluwiluwi wakishaanguliwa hujinyonganyonga hadi majini. Mti, basi, ni nusu tu ya nyumba yake. Nusu nyingine ni udongo usiokauka na majani yaliyooza juu yake, nayo ndiyo tunayoisahau tunapopima msitu kwa kuhesabu miti.

Ushahidi mzito zaidi kwamba miti pekee haitoshi unatoka mbali kidogo, Kihansi, katika milima ya Udzungwa. Huko aliishi chura mdogo (si wa mitini huyu) kwenye hekta chache zilizoloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Mwaka 2000 maji mengi yalipelekwa kwenye mitambo ya umeme. Miti ya korongo haikufyekwa. Yaliyokatika ni manyunyu. Wapo wanaosema kuwa kilichowamaliza vyura wa hapo ni kuvu ya ngozi iuayo vyura duniani, na kweli kuvu hiyo ilionekana pale. Lakini vyura hao walianza kupungua maji yalipopungua, wakaongezeka tena mabomba ya kunyunyizia maji yalipowekwa, ndipo wakaporomoka mwaka 2003. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini, wakabaki wale waliokuwa wakifugwa Marekani.

Atasema mwingine: basi tupande miti. Tupande, lakini safu za mikaratusi, kijani kibichi ukizitazama kwa mbali, si msitu kwa mnyama anyonyaye maji kwa ngozi yake. Pingamizi gumu zaidi ni la mkulima wa Muheza anayeuliza kwa nini anyimwe shamba kwa ajili ya chura. Swali lake ni la haki. Ila unyevu anaouhitaji chura ndio unaolisha vijito vya msitu wa Amani, huko Usambara, na vijito hivyo huingia mto Zigi, ambao maji yake huhifadhiwa katika bwawa la Mabayani na kunywewa na wakazi wa jiji la Tanga.

(Itaendelea)