Baada ya ajali ya kichwa: daftari kwanza, vidonge baadaye

Mgonjwa ametoka wodini, kidonda kimekauka, lakini anauliza swali lilelile mara tano, na ukimuuliza kama amekula anakawia kujibu. Akiba imeishia kwenye sikani na kitanda. Kilichobaki kiende wapi?

Anza na daftari. Kaunta buku ya kwaya mbili haizidi Sh 5,000 katika maduka mengi, inadumu miezi na haihitaji umeme. Kila siku na ukurasa wake: dawa, miadi, wageni, pesa iliyotoka. Kasoro yake ni kwamba daftari haliiti. Anayesahau husahau hata kwamba analo. Lifungwe kamba, likae mahali pamoja, na mtu mmoja wa nyumbani amkumbushe kulifungua kila baada ya mlo. Muda wa mtu huyo ndio gharama halisi, upangeni mapema.

Na kwa kuwa daftari haliiti, linahitaji kengele. Kitochi cha Sh 20,000 hadi 40,000 kina alamu na chaji yake hukaa siku kadhaa. Simu janja huonyesha pia sababu ya mlio, ila jioni imeshazima, na vibaka wanaipenda. Kama simu ipo nyumbani, usinunue nyingine. Huko Uingereza, utafiti uliochapishwa 2001 uliwapa watu 143 wenye shida ya kumbukumbu na mipango kifaa kidogo cha kupokea ujumbe wa kuwakumbusha. Zaidi ya asilimia 80 ya waliomaliza jaribio walitimiza mambo yao vizuri zaidi. Alamu ya simu inafanya kazi hiyohiyo.

Programu za michezo ya ubongo nyingi hutoza dola 10 hadi 15 kwa mwezi, yaani karibu kitochi kipya kila mwezi, na bando juu yake. Usipojitoa mwenyewe, kadi inaendelea kukatwa. Mchezaji huwa hodari wa mchezo wenyewe. Kwamba atakumbuka dawa zake, ushahidi ni hafifu. Mwaka 2016 kampuni moja ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2 kwa matangazo ya michezo kama hiyo yaliyowapotosha wateja.

Vidonge vya sitikolini, vinavyouzwa kama vya kumbukumbu, navyo viache dukani. Jaribio la Marekani la 2012, wagonjwa 1,213 wa majeraha ya ubongo kwa siku 90, halikuona nafuu zaidi kuliko kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Kasi ya kufikiri haiuzwi. Mpe muda: zima redio, uliza jambo moja, subiri jibu. Halafu mwombe daktari apitie dawa anazotumia, kwa sababu baadhi ya zile za kuzuia kifafa, fenobabitali ikiwemo, huzubaisha. Msizikatishe wenyewe, kifafa kikija, mtarudi wodini kwa gharama kubwa zaidi.

Penye kustahili pesa ni kwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Yeye humfundisha mgonjwa kutumia daftari na alamu kwa kazi zake mwenyewe: kupika, kuuza genge, kurudi kijiweni. Tatizo ni kuwapata, kwani wengi wako hospitali kubwa kama KCMC Moshi. Ukiwa mbali, hesabu nauli ya watu wawili na kibarua cha siku kinachopotea. Mara nyingi hivyo huzidi ada yenyewe. Omba mahudhurio machache yaliyoachana, na mazoezi ya nyumbani yaandikwe humohumo kwenye daftari.

Kama bado yuko wodini, ombeni miadi ya mtaalamu huyo leo, kabla hamjaruhusiwa.