Je, Wajua? Duara Linapotitia

Je, wajua kwamba kuporomoka na kutitia si kitu kimoja? Mwamba huporomoka: unaachia juu au ubavuni, unashuka kwa kishindo. Ardhi hutitia: inalegea kwa chini, inabonyea, kisha inazama na kila kilichosimama juu yake. Taarifa za ajali za migodini Kahama na Geita huyachanganya maneno haya, na naona ni hasara, kwa sababu kila moja linaeleza hatari yake.

Titia ni neno lenye umbo la Kibantu, silabi zikifuatana kwa sauti ileile kama katika tetema, titima na didimia. Majirani zake mgodini wametoka mbali. Duara, yaani shimo la mchimbaji mdogo, lina asili ya Kiarabu. Matimba, magogo yanayoshikilia kuta za shimo, yametokana na timber ya Kiingereza. Basi mchimbaji akisema "duara limetitia, matimba yamekatika", lugha tatu zimekutana katika kauli moja.

Mvua ndiyo adui mkubwa. Maji yakizama kwenye udongo laini ulio juu ya mwamba, uzito unaongezeka huku udongo ukipoteza mshiko. Hatari huzidi pale maduara mawili jirani yanapofukuzia mkanda mmoja wa dhahabu hadi ukuta uliobaki katikati ukawa mwembamba. Mzoefu hugonga mwamba kwa mtaimbo na kutega sikio: ukilia kwa ukali, umeshikamana, ukitoa sauti nzito ya uwazi, nyuma yake kuna ufa. Hapo hutoka kwanza, maswali baadaye.

Oktoba 2015, huko Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji walifukiwa, na kwa wiki nyingi ilidhaniwa wamekufa. Baada ya siku 41 watano walitolewa hai. Walikuwa wameishi kwa mizizi, mende, vyura na maji yaliyopenyeza kutoka juu. Mwenzao mmoja alifia humo humo.

Mwaka 2017 zamu ilikuwa ya Nyarugusu, Geita. Wachimbaji 15, mmoja wao raia wa China, walinaswa chini ya ardhi tarehe 26 Januari. Waokoaji walichimba mpaka tarehe 29, wakawafikia, na wote 15 wakatoka wazima.