Je, Wajua? Kipilefti Kina Upande Wake

Nchini Tanzania, ambako magari hupita kushoto, kipilefti, yaani kisiwa cha mviringo kilichojengwa katikati ya makutano ya barabara, huzungukwa kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa, na dereva anayeingia humpisha anayetokea kulia kwake. Anayekwenda kushoto hushika njia ya kushoto na kuwasha indiketa ya kushoto mapema. Anayenyoosha haashirii chochote anapoingia. Naye anayekata kulia, au anayerudi alikotoka, hushika njia ya ndani akiwa amewasha ya kulia. Kila mmoja, akishaupita mlango unaotangulia wake, huashiria kushoto, na hapo ndipo wengi huzembea: indiketa ya kulia iliyosahauliwa humfanya mwenye bodaboda aliye ubavuni kushoto aamini kwamba lori litaendelea kuzunguka, kumbe linamkatia njia.

Mkoani Shinyanga jambo hili lina uzito wa pekee, kwani bandari kavu ya Isaka, wilayani Kahama, hupitisha shehena za Rwanda na Burundi, nchi ambazo magari hupita kulia na vipilefti huzungukwa kinyume; dereva hubadili upande mpakani, Rusumo au Kabanga, ingawa mazoea ya macho hayabadiliki upesi hivyo. Tela nalo, liwe la shehena hiyo au la mizigo ya migodi ya Geita, hukata kona kwa magurudumu ya nyuma ndani zaidi kuliko ya mbele, hata likahitaji njia zote mbili. Lisiandamwe ubavuni.