Kufungua Injini au Kuuza Gari: Hesabu ya Gareji za Tudor

Injini ya gari kuukuu ni nadra kufa ghafla. Oili hupungua kabla ya siku ya kubadilisha kufika, moshi wa buluu hutoka asubuhi, mshale wa joto hupanda foleni ikishika Daraja la Nyali, na mwishowe gari huchemsha. Fundi husikiliza, hufuta mikono kwa tambara, kisha husema kwamba injini lazima ifunguliwe. Mwenye gari wa Tudor, kisiwani Mombasa, hubaki na njia tatu: kuikarabati injini ile ile, kutia nyingine iliyotumika, au kuliuza gari lilivyo.

Ushauri unaozoeleka ni kwamba ukarabati ukizidi nusu ya thamani ya gari, liachwe. Kanuni hiyo inafaa nchi ambako gari jingine hupatikana kwa bei nafuu. Japani, gari hupita ukaguzi wa kwanza wa lazima likiwa na miaka mitatu na baada ya hapo kila miaka miwili, na gharama ya ukaguzi huwafanya wengi waliachie mapema. Kenya, gari kuukuu limelindwa na sheria bila ya mtu kukusudia. Kiwango cha KS 1515:2000 kinazuia kuingizwa gari lililopita miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, kwa hiyo kuanzia Januari 2026 mlango wa bandari ya Mombasa uko wazi kwa magari ya 2019 kuja mbele. Juu ya bei ya Japani kuna ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT ya 16%, na kodi moja hukokotolewa juu ya nyingine. Dola nayo ina neno lake: mwanzoni mwa 2024 iligusa takriban shilingi 160, kabla ya kurudi karibu na 129 mwaka huo huo. Anayeishi mita chache kutoka gati hapati nafuu yoyote isipokuwa nauli ya kulipeleka gari bara.

Matokeo yake ni kwamba thamani ya gari la 2006 mtaani huamuliwa zaidi na bei ya lile linaloweza kushika nafasi yake kuliko hali yake lenyewe. Tanzania haikuweka ukomo wa namna hiyo, bali hutoza ushuru wa ziada kwa gari la miaka mingi. Uganda mwaka 2018 ilifunga mlango kwa yaliyozidi miaka 15. Kwa ukomo wake wa miaka minane, Kenya huwapa mafundi kazi nyingi zaidi.

Kabla ya hesabu yoyote lazima ugonjwa ujulikane, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kipimo cha mgandamizo huchukua chini ya saa moja: plagi hutolewa, geji hupachikwa, na kila silinda hupimwa. Silinda moja ikisoma chini sana kuliko wenzake, hutiwa oili kidogo na kupimwa tena. Usomaji ukipanda, ringi za pistoni zimelika. Usipopanda, tatizo liko kwenye valvu au gasketi ya hedi. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa huonyesha kwamba maji yameingia. Moshi wa buluu ni oili, mweupe mzito usiokoma ni maji, mweusi ni petroli isiyoungua vizuri. Tofauti ya gharama kati ya gasketi ya hedi na kazi ya ringi na beringi ni kubwa mno kuachiwa sikio la fundi, hata awe hodari vipi. Gareji isiyo na geji ya kupimia haifai kupewa kazi ya kufungua injini.

Kisiwani kuna sababu ya ziada ya injini kufa, nayo ni maji. Mfereji wa Mombasa hulishwa na vyanzo vya mbali, Mzima, Marere, Baricho na Tiwi, na maji yasipofika watu hurudi kwenye visima vyenye chumvi. Maji hayo hayo hutiwa kwenye radieta. Chumvi hula hedi ya aluminiamu kutoka ndani, hasa kuzunguka matundu ambako gasketi hukaa, na pampu ya maji huoza mapema. Dumu la kulanti huonekana ghali hadi siku hedi inapotolewa ikiwa na vishimo ambavyo mashine haiwezi kuvisawazisha. Masika yana hatari ya pili: gari likipita kwenye maji ya kina, injini huyavuta ndani ya silinda, na kwa kuwa maji hayabanwi kama hewa, mkono wa pistoni hupinda.

Zamani jibu la karibu kila ugonjwa lilikuwa kuchonga. Toyota 5A na dizeli za 2L zilikuwa na bloku za chuma kizito. Silinda ikilika ilipelekwa kwa fundi wa mashine, ikachongwa nusu milimita, zikatiwa pistoni kubwa kidogo, na injini ikaanza maisha ya pili. Tudor ina historia yake katika ufundi huu. Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa, MIOME, ilianza kufundisha kazi za ufundi hapa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ndiyo iliyokuja kuwa politekniki, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Lakini injini zenyewe zimebadilika. Ile ya 1NZ iliyomo kwenye Vitz, Probox na Fielder ina bloku ya aluminiamu yenye silinda nyembamba za chuma ndani yake, na nafasi ya kuzichonga ni ndogo. Zile za D4, 1AZ ya Premio na RAV4 za miaka ya mwanzo ya 2000, zina sifa mbaya ya nyuzi za bolti za hedi kung'oka ndani ya bloku. Nyuzi zinaweza kutengenezwa, ila kazi inataka mkono mzuri na haina hakika. Kwa magari ya aina hii pesa imehama kutoka kwa fundi wa mashine hadi kwa mwenye kontena.

Kontena hilo huja na injini zilizong'olewa kwenye magari ya Japani, nyingine zikipitia maduka ya vipuri vilivyotumika ya Sharjah. Bidhaa hushuka Mombasa, lakini nyingi hazikai. Hupanda lori hadi Kirinyaga Road, Nairobi, na mteja wa Tudor akikosa aina yake mjini huiagiza kutoka huko, irudi pwani kwa basi la usiku. Njia hiyo ya kwenda na kurudi huongezwa kwenye bei.

Injini ya kontena ina faida ya haraka: hufungwa kwa siku chache, wakati kukarabati bloku ya zamani huweza kuchukua wiki. Kwa dereva wa teksi hilo ni jambo kubwa, maana kila siku gari likilala gareji ni siku ya mapato iliyopotea, na hasara hiyo haiandikwi kwenye risiti ya fundi. Kasoro yake ni kwamba hakuna anayejua imetembea kilomita ngapi. Dhamana ya kawaida huishia pale inapowaka, au siku chache baadaye. Mnunuzi mwangalifu hutaka kifuniko cha oili kifunguliwe, aone kama ndani ni safi au kuna tope jeusi, na hutaka ipimwe mgandamizo kabla ya kulipa. Vilevile huchukua risiti na nakala ya hati za forodha, kwani namba ya injini imeandikwa kwenye logbuku. Ikibadilika, NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, lazima ijulishwe na rekodi irekebishwe. Asiyefanya hivyo hupata taabu siku ya kuuza, siku ya ajali, au siku ya kusimamishwa na polisi.

Namba ya shasi ni habari nyingine, maana hiyo ndiyo gari lenyewe machoni pa sheria. Injini hununuliwa, giaboksi hununuliwa, viti hununuliwa; shasi iliyooza haina duka. Upepo wa chumvi hautofautishi gari lililotunzwa na lililotelekezwa, na lile linalolala nje karibu na Mkondo wa Tudor hulika chini kabla ya kulika juu. Kwa sababu hiyo uamuzi wa injini unapaswa kuanza chini ya gari. Linyanyuliwe, sakafu igongwegongwe kwa bisibisi, na sehemu ambako shoku na mikono ya magurudumu hushikwa zikaguliwe. Rangi nzuri si ushahidi.

Hesabu yenyewe inaonyesha kwa nini. Uchukuliwe mfano wa kubuni: gari lililokufa injini linauzika kwa shilingi 220,000, na injini nyingine pamoja na kufunga, bushi na shoku ni 180,000. Mwenye kulibakisha ametoa 400,000, kwani ameacha pia pesa ambazo angeuzia. Akilitumia miezi 36 kisha akaliuza 300,000, limemgharimu 100,000, karibu 2,800 kwa mwezi. Akinunua jingine kwa 1,300,000 na kuliuza 850,000 baada ya muda huo huo, gharama ni 12,500 kwa mwezi kabla ya riba ya mkopo. Kufikia hapo, gari kuukuu limeshinda kwa mbali. Lakini bodi ikikata tamaa baada ya miezi 12 na gari likauzwa 100,000 kwa wavunjaji, gharama inaruka hadi 25,000 kwa mwezi, mara mbili ya gari jipya zaidi. Injini ni ile ile na fundi ni yule yule; kilichobadilika ni kutu.

Kitu kimoja kisiingie kwenye hesabu: pesa ambazo gari limekwisha kula. Giaboksi iliyotiwa mwaka jana ina uzito pale tu inapoongeza bei ya kuuzia au miezi ya kutumika. Bima nayo haisaidii hapa. Bima kubwa haifidii injini iliyochakaa, na kampuni nyingi hukwepa kuitoa kwa gari la miaka mingi, hivyo wenye magari haya hubaki na ile ya mtu wa tatu inayotakiwa na sheria.

Kwa anayeamua kuuza, kulivunja mwenyewe na kuuza vipande huleta pesa zaidi kuliko kulitoa zima, ila hutaka nafasi, muda na subira ambavyo wakazi wa nyumba za ghorofa hawana. Broka hutaja bei ya chini akijua gari haliwezi kuondoka pale kwa mwendo wake. Kulipima mgandamizo na kumpa mnunuzi matokeo kwa maandishi huipandisha bei, kwani anayenunua bila kujua hukata kwa kubahatisha ubaya kabisa. Umiliki nao uhamishwe kwenye mfumo wa NTSA kabla gari halijavutwa. Likifufuliwa Kisauni na kugonga mtu Likoni, jina linalotafutwa kwanza ni lile lililo kwenye rekodi.