Kuficha Sura ya Mchuma Chai

Ukitoka Kericho mjini kuelekea Litein, au ukivuka upande wa Konoin kule Bomet, utachoka wewe kabla chai haijaisha. Kwa mtengenezaji wa filamu huo ni mtego. Chai haijui kutoka vibaya kwenye picha. Droni ikipaa tu, kila kitu kinafanana na kalenda ya wakala wa utalii, na mchumaji anageuka nukta ya rangi katikati ya urembo. Filamu ya makala kuhusu watu wa huku ikianza kwa ukungu na vilima, mimi huanza kuitilia shaka papo hapo.

Filamu iliyotikisa eneo hili ilipigwa kwa kamera ya siri. Februari 2023, BBC ilirusha Sex for Work: The True Cost of Our Tea, kazi ya vipindi vya Panorama na Africa Eye. Wanawake zaidi ya 70 walikuwa wamewaambia waandishi kwamba walinyanyaswa kingono na wasimamizi wao katika mashamba yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na kampuni za Unilever na James Finlay. Mwandishi wa kike akajifanya mtafuta kazi, akaingia, na yaliyompata yeye mwenyewe yakarekodiwa. Mambo yakaenda mbio: mameneja wakasimamishwa, Bunge likaagiza uchunguzi, Starbucks ikasitisha kununua chai ya Finlay ya Kenya. Unilever yenyewe ilikuwa imeshauza biashara hiyo wakati BBC ikiendelea kurekodi. Tena si kwamba habari ilikuwa ngeni kwake, maana madai ya aina hiyo hiyo yaliibuka zaidi ya miaka 10 kabla.

Kamera ya siri ni udanganyifu, na waandishi makini hawaigusi ila kwa masharti: jambo liwe zito kwa umma, pawe na dalili za kutosha tangu mwanzo, na ushahidi usiweze kupatikana kwa njia ya wazi. Hapa masharti yalitimia. Ukiomba ruhusa kwa barua, utatembezwa zahanati, utaonyeshwa shule, utanyweshwa chai. Neno la kibarua dhidi ya neno la bosi lilikuwa limeshapimwa miaka mingi, na matokeo yake yalijulikana.

Lakini kazi ngumu zaidi ni kuwarekodi wale wanaokaa mbele ya kamera kwa hiari yao. Mchuma chai wa kampuni mara nyingi analala kwenye nyumba ya kampuni. Akipoteza kazi Jumatatu, kitanda cha watoto nacho kiko mashakani. Kwa hiyo ile fomu ya ridhaa anayowekewa mbele asaini haina uzito sawa na fomu ya mtu wa mjini mwenye nyumba yake ya kupanga. Ridhaa ya kweli huombwa mara kadhaa: kabla ya kurekodi, baada ya kurekodi, na tena filamu ikishahaririwa, aone amewekwa jirani na maneno ya nani. Naye awe na haki ya kusema hapana hata siku hiyo ya mwisho, mhariri akasirike apendavyo.

Halafu kuna suala la kumficha. Watu hudhani kutia ukungu usoni kunatosha. Mashambani hakutoshi hata kidogo. Jirani atakujua kwa leso, kwa namna unavyotupa majani kwenye kikapu cha mgongoni, kwa rangi ya mlango nyuma yako, kwa mtoto anayeita jina nje ya dirisha. Sauti iliyoteremshwa kwa kompyuta inaweza kupandishwa tena na mtu mwenye programu sahihi. Njia salama ni kumpa mtu mwingine ayasome maneno yale upya, kurekodi mahali pasipo pa kwake, na kukagua kila fremu pamoja na mhusika mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye anayejua nyapara atatambua nini. Ni kazi ya kuchosha, na haionekani kwenye skrini.

Tukirudi kwenye kamera ya siri, yenyewe huona tendo tu. Haielezi kwa nini mtu anabaki pale. Kwa hilo inahitajika filamu ya aina nyingine, ya kukaa na mtu kwa miaka. Mfano mzuri tunao hapa Kenya: Thank You for the Rain ya 2017, ambamo Kisilu Musya, mkulima wa Ukambani, alipewa kamera na Julia Dahr wa Norway akajirekodi mwenyewe kwa takriban miaka mitano. Dhoruba ilipoharibu nyumba yake, aliyeshika kamera alikuwa yeye. Hakuna mgeni ambaye angefika kwa wakati, na hata angefika, macho yake yangekuwa ya mgeni.

Kericho na Bomet zina visa vya kutosha kwa filamu kama hiyo. Kuna mashine za kuchuma chai, ambazo baadhi ziliteketezwa kwenye maandamano ya Mei 2023 kwa sababu zinakula ajira. Kuna Wakipsigis waliotolewa kwenye ardhi hii ili chai ipandwe, na ukoo wa Talai uliohamishiwa Gwassi kuanzia 1934. Mwaka 2022 walipeleka malalamiko yao Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Wazee wanaokumbuka wanazidi kupungua. Wahojiwe kwa Kikipsigis, na wasikatwe kila wanaponyamaza kutafuta jina la mto au la kilima.

Na filamu ikishaiva, wa kwanza kuiona wawe wahusika wenyewe. Ukumbi wa ndani ya shamba haufai, kwani ufunguo wake unashikwa na meneja. Kanisa la sokoni linatosha, Jumapili mchana, milango ifungwe, na simu zikae nje.