Ng'ambo ya Feri, Msitu Wenye Wenyewe

Anayevuka Feri kutoka kisiwa cha Mombasa kwenda Likoni, awe abiria wa miguu katika msongamano wa jioni au dereva wa lori la saruji, anaingia katika pwani ambayo sifa yake siku hizi ni hoteli na mchanga mweupe. Barabara ya kusini inapita Waa, Tiwi na Ukunda hadi Lungalunga, na upande wa bahari sehemu kubwa ya ardhi imezungushiwa kuta. Hata hivyo, pale mto Mwachema unapomwaga maji baharini, baina ya Tiwi na Diani, miti mikubwa ingali imesimama. Kaya Tiwi iko upande mmoja wa mto, Kaya Diani upande wa pili, na karibu nayo, chini ya mibuyu, uko msikiti wa kale wa Kongo uliojengwa kwa mawe ya matumbawe, ambao mpaka leo unasaliwa. Mbele zaidi, ufuoni Kinondo, kuna Kaya Kinondo, msitu wa hekta 30 hivi uliomea juu ya mwamba wa matumbawe. Misitu hii haikubaki kwa bahati. Ina wenyewe, na wenyewe wameilinda kwa miiko. Naamini miiko hiyo ni utawala wa ardhi uliokamilika, na kwamba sheria ya nchi inapaswa kuupa hadhi ya utawala, kwa kuwa heshima ya kuonyeshwa watalii haitoshi kuulinda.

Kaya zilikuwa vijiji. Simulizi za Wamijikenda, wenye kaya hizi, zinasema wahenga wao walitoka Singwaya, upande wa kaskazini, wakikimbia maadui, wakajificha ndani ya misitu ya pwani. Kuanzia karne ya 16 walijenga nyumba katika uwanja uliofyekwa katikati, msitu wenyewe ukawa boma, na mtu aliingia kwa vijia vyembamba vyenye malango. Ndani walizika fingo, kinga ya jamii nzima. Hatari ilipopungua na haja ya mashamba ilipozidi, watu walihama kidogo kidogo, na kufikia miaka ya 1940 kaya zilikuwa zimebaki mahame. Kwa kawaida mahame humezwa na mashamba baada ya kizazi kimoja au viwili. Hapa hayakumezwa, kwa sababu makaburi yalibaki na wazee waliendelea kukataza. Mti haukatwi, mifugo haichungwi, na anayetoka hatoki na kitu, hata jani. Kinondo mgeni hufungwa kaniki kiunoni kabla ya kuingia. Mvunja mwiko hutozwa kuku au mbuzi wa kutakasa mahali alipopachafua. Tazama jinsi utaratibu huu unavyofanya kazi: kanuni inajulikana na kila mtoto, mwamuzi anaishi kijiji hicho hicho, na faini, hata ikiwa ndogo, inalipwa mbele ya watu utakaokutana nao kisimani kesho. Askari wa misitu mwenye eneo zima la kuzungukia hana nguvu hiyo.

Ushahidi uko kwenye miti. Wataalamu wa mimea Ann Robertson na Quentin Luke, waliotoa ripoti ya misitu ya pwani ya Kenya mwaka 1993, walionyesha jinsi vipande hivi vidogo vilivyohifadhi mimea adimu ambayo kwingineko imetoweka. Serikali nayo ilikuwa imeanza kukiri jambo hilo. Mwaka 1992 Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalianzisha kitengo cha kuhifadhi misitu ya pwani, na kaya zikaanza kutangazwa rasmi kuwa kumbukumbu za taifa, wazee wakishirikishwa katika ulinzi. Mwaka 2008 UNESCO iliingiza kaya kadhaa, Kinondo ikiwemo, katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka uliofuata shirika hilo hilo liliweka mila za kaya katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Mfuatano huo una uzito wake: msitu ulisifiwa kwanza, na baada ya mwaka mmoja dunia ikaambiwa kwamba kilichoulinda kinakufa.

Atakayepinga ataanza na Chale. Kisiwa hicho kilichoko kusini mwa Kinondo ni mahali patakatifu kwa Wadigo, Wamijikenda wa pwani hii, lakini katika miaka ya 1990 kilijengewa hoteli huku wazee wakilalamika. Je, mwiko haukushindwa hapo? Ulishindwa, na sababu yake haijifichi. Mwiko humfunga anayemheshimu mzee anayeutamka. Haumfungi mwenye hati ya ardhi aliyetoka mbali na asiyetarajia kuzikwa hapo. Kwa hiyo sheria ya serikali inahitajika dhidi ya mtu wa nje. Lakini dhidi ya jirani anayeingia usiku na panga kutafuta boriti, karatasi ya serikali haina macho. Mwenye macho ni yule anayeishi hapo. Chale inatufundisha kwamba kila upande unamhitaji mwenziwe, na kwamba miaka mingi mzigo wote ulibebwa na mmoja.

Pingamizi la njaa ni zito zaidi. Kijana wa kaunti hii ya Kwale asiye na shamba, wala hati ya kiwanja alichozaliwa, ana haki ya kuuliza miti ya wahenga inamlisha nini. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wenyeji wa Kinondo wamekuwa wakiwatembeza wageni msituni kwa malipo, na sehemu ya mapato inarudi kwa jamii. Ni msaada wa kweli, ila haulingani na faida ya kuuza ufuo, na si haki kumdai kijana huyo aulinde urithi wa dunia nzima kwa kipato cha matembezi. Wanaonufaika na msitu ni wengi, wakiwemo wenye hoteli wanaouza mandhari yake, na wote hao wanapaswa kuchangia.

Wapo pia wanaosema kaya ni ushirikina. Wadigo walio wengi ni Waislamu, na wasiwasi huo ni wa imani, haufai kudharauliwa. Lakini kutokata mti hakumlazimishi mtu kuomba chochote kwa koma, yaani mizimu ya wahenga. Msikiti wa Kongo na kaya vimekuwa majirani kwa vizazi, na aliyeswali pale alipita kwenye kivuli cha miti ile ile. Ubaya mkubwa zaidi uko kwingine: wazee wa pwani wamekuwa wakiuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma upo ugomvi wa ardhi. Anayemuua mzee wa kaya anaondoa pia mlinzi wa msitu, mpatanishi na shahidi wa mipaka.

Kisiwa cha Mombasa hakiwezi kujitenga na haya. Zamani Thelatha Taifa, makundi matatu ya Waswahili wa Mombasa, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, walikuwa na ahadi za urafiki na Wadigo na Wamijikenda wenzao Waduruma, na leo mji unaendelea kuhitaji makaa, boriti na magogo ya kuchonga. Njia ya kusaidia imeshaandikwa. Kifungu cha 63 cha Katiba ya mwaka 2010 kinahesabu misitu ya jamii na mahali pa ibada za kimila kuwa ardhi ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inaeleza jinsi ya kuisajili. Kila kaya ipimwe na isajiliwe kwa jina la jamii yake, baraza la wazee lipewe mamlaka ya kushtaki mvamizi mahakamani, na wanawake na vijana waingie barazani humo, maana wao ndio watakaoishi na uamuzi wake. Kazi hiyo ianze na kaya za ufuoni, ambako bei ya ardhi ni kubwa zaidi.