Haki ya Kusema Bila Kujitaja

Mwaka 2014 taasisi ya utafiti ya Pew ya Marekani ilitoa matokeo yasiyowafurahisha walioamini kwamba mitandao ya kijamii imewafungua watu midomo. Watafiti wake waliwauliza watu wazima 1,801 kama wangekuwa tayari kujadili upelelezi wa serikali uliofichuliwa na Edward Snowden mwaka 2013. Asilimia 86 walisema wangeuzungumzia ana kwa ana. Miongoni mwa watumiaji wa Facebook na Twitter, waliokuwa tayari kuandika huko walikuwa asilimia 42 tu. Tena, mtu alithubutu zaidi kusema alipohisi kwamba wafuasi wake wanakubaliana naye.

Mtaalamu wa mawasiliano wa Ujerumani, Elisabeth Noelle-Neumann, alikwisha kulieleza jambo hili tangu mwaka 1974. Binadamu huogopa kutengwa. Akiona wenzake wengi wana maoni tofauti na yake, hunyamaza, na ukimya wake humfanya mwingine mwenye mawazo kama yake ajione yuko peke yake, naye anyamaze. Mtandao umeikuza hofu hiyo kwa sababu moja kubwa: hujui nani anakusoma. Barazani unawaona waliokaa, na ukimwona mtu usiyemwamini unabadilisha mazungumzo. Mtandaoni bosi wako, mama mkwe, mchungaji na askari wanasoma sentensi ileile, na yeyote kati yao anaweza kuipiga picha akaitunza kwa miaka kumi.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, wingi wa akaunti hautuambii mengi kuhusu uhuru wa maoni. Kipimo cha kweli ni kama mtu mwenye jambo zito anaweza kulisema bila kujitaja. Karani aliyeona hati ya malipo hewa, muuguzi anayejua dawa zinakoishia, mwalimu ambaye mwajiri wake ni huyohuyo anayemlalamikia: hawa ndio wenye habari ambazo taifa linazihitaji, na ndio wenye mengi ya kupoteza.

Tanzania inalijua jambo hili vizuri. JamiiForums, iliyoanza mwaka 2006, ilijengwa na wachangiaji wanaotumia majina ya bandia, na humo ziliibuliwa tuhuma nyingi za rushwa ambazo magazeti yalisita kuzigusa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 32, ilimpa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kumwamuru mwenye taarifa azitoe kwa ajili ya upelelezi, bila kupitia kwa hakimu. Polisi walipotaka kuwajua baadhi ya wachangiaji, mkurugenzi wa JamiiForums, Maxence Melo, alikataa kuwataja. Alikamatwa Desemba 2016. Aprili 2020 Mahakama ya Kisutu ilimtia hatiani katika mojawapo ya kesi zake, kwa kuzuia upelelezi, ikamtoza faini ya shilingi milioni 3.

Wengi wanaikumbuka kesi hiyo, lakini mwelekeo wenyewe ulikuwa mpana zaidi. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilizitaka intaneti kafe ziweke kamera na kuandikisha wateja wao. Mwenye blogu alitakiwa kulipa shilingi 100,000 za maombi, milioni moja ya leseni na milioni nyingine ya kila mwaka. Baadaye ukaja usajili wa laini za simu kwa alama za vidole. Usajili huo una faida yake dhidi ya matapeli, sikatai. Lakini ukizijumlisha hatua hizi, hakuna sentensi inayotoka kwenye simu ambayo haiwezi kufuatwa mpaka kwenye kidole cha mwandishi.

Wanaotetea hatua hizi wanasema jina la bandia ndilo kichaka cha wenye matusi. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Wanawake wanaosema hadharani, hasa wanasiasa na waandishi wa habari, hushambuliwa kwa maneno machafu kiasi cha kuwafanya wengine wajitoe kabisa, na huko nako ni kunyamazishwa. Ila dawa ya kuwalazimisha watu kujitaja imekwisha kujaribiwa. Korea Kusini ilianza mwaka 2007 kuzilazimisha tovuti kubwa kuthibitisha majina halisi ya wachangiaji wake. Mwaka 2011 wadukuzi waliiba taarifa za watumiaji wapatao milioni 35 wa tovuti moja ya nchi hiyo na mtandao wake wa kijamii. Agosti 2012 Mahakama ya Katiba iliifuta sheria hiyo kwa kauli moja, ikisema hapakuwa na dalili kwamba maudhui haramu yamepungua. Mwenye kutukana aliendelea kutukana kwa jina lake, na mwenye siri ya maana alibaki nayo moyoni.

Anayemtishia mtu maisha afuatiliwe, na aliyetukanwa apate haki yake. Kinachohitajika ni kwamba amri ya kumfichua mwandishi itolewe na hakimu, baada ya kuonyeshwa kosa mahususi na ushahidi wa awali, na mwenye tovuti apewe nafasi ya kuipinga kabla ya kuitekeleza. Wabunge waanze na kifungu cha 32. Wewe msomaji, muulize mbunge wako kama amewahi kukisoma.